Mgongo wa Kumnyanyulia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulipooza na mdomo ukabaki mzima kabisa. Daktari alisema tushukuru. Mimi niliyekuwa nimeishi na mdomo ule miaka kumi na sita nilishukuru kwa kutikisa kichwa tu.

Tulikuwa tunakaa Mjimwema, nyumba yetu wenyewe, vyumba vitatu na sebule, na baraza linalotazama barabara. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali. Wiki hii yuko Tunduru, wiki ijayo Mbinga, na akirudi analala. Watoto walikuwa shule za bweni. Nyumbani tulibaki wanawake wawili, mimi na mama yake, na kazi moja isiyokwepeka: kumtoa kitandani asubuhi, kumwogesha, kumkalisha kwenye kiti chake barazani, na kumrudisha ndani jua linapozama. Mtoto wa kiume haingii kwenye mambo ya kumwogesha mama yake, kwetu haifai, na hata ingefaa, yeye alikuwa Tunduru.

Lile baraza ndilo lilikuwa maisha yake. Kutoka pale aliwaona wanaokwenda sokoni, wanaotoka misa, na wanaokwenda kwa mganga huku wakisema wanakwenda sokoni. Aliwajua kwa mwendo. Akiona binti amebadili mwendo alitaja mimba ina miezi mingapi, na mara nyingi alipatia. Mtu ambaye hakuweza kuvuka kizingiti cha mlango wake mwenyewe alikuwa na habari za mtaa mzima kabla ya saa nne.

Wifi yangu, dada wa mume, alikuwa ameolewa Madaba. Siku za mwanzo za ugonjwa alikuja, akakaa wiki nzima, na siku ya kuondoka alisema mbele ya watu wote, "Wifi, ukichoka useme. Siku utakayoshindwa kumnyanyua mama, mimi nitamchukua." Hakusema kwa ubaya. Ni mwanamke mchapakazi, mwenye mahindi na maharage ya kutosha, na kwake kila mtu anaingia shambani alfajiri na kutoka jua likiwa limekwisha. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mama angebaki peke yake chumba cha ndani, mlango umefungwa mbuzi wasiingie, mpaka jioni. Tena Madaba kuna baridi.

Wifi alipoondoka, mama mkwe aliniita. "Mkamwana," akasema, "wakinipeleka kule nitakufa naangalia ukuta." Halafu akanikumbusha kwamba mboga za mchana nilizizidisha chumvi. Miaka kumi na sita hakuwahi kuniomba kitu, na hata hapo hakuomba. Lakini nilielewa. Nikajiapia kwamba mama huyu hatoki nyumba hii kwa sababu ya mikono yangu kushindwa. Na niseme kweli, wifi naye sikutaka kumpa raha hiyo.

Sasa mgongo.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye ofisi ya ushirika, mpiga taipu, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kisha ikaja soko huria. Wafanyabiashara wakaingia na malori yao, wakanunua mahindi mlangoni kwa mkulima, na ofisi ikagundua kwamba ina wapiga taipu wengi kuliko barua. Tukapunguzwa. Nikalipwa kiinua mgongo, nikanunua belo la mitumba, nikalinyanyua, na mgongo ukaenda. Aliyezipa fedha zile jina hilo sijamsamehe mpaka leo.

Maumivu yalikaa chini kabisa, kiunoni kwa nyuma. Hayakuwa maumivu ya kupiga kelele, yalikuwa ya kununa. Kukaa yaliuma, kusimama yaliuma, kuinama kusuuza sufuria ndiyo usiseme. Kwetu mama mkwe unamwamkia kwa kupiga magoti. Kupiga magoti sikushindwa. Kilichonishinda ni kuinuka, kwa hiyo salamu zangu zikawa ndefu kuliko za mtu yeyote Mjimwema. Nilimaliza shikamoo, nikauliza usingizi, nikauliza ndoto, nikauliza kama kuku wamempigia kelele, huku natafuta mguu wa kitanda wa kujishikilia. Mama mkwe aliwaambia watu kwamba nimepata adabu uzeeni.

Na kila nilipomnyanyua, kitu kilinichoma pale pale. Nilikata pumzi, nikamnyanyua, nikamweka, nikaenda jikoni kushika ukuta. Sikumwambia mtu. Ningesema leo, habari zingefika Madaba na basi la kesho.

Dawa nilijaribu zote. Sindano nilichomwa mpaka muuguzi akawa ananiita shoga. Dawa ya kuchua nilipaka mpaka mitumba yangu ikanuka, na wateja wakadhani nguo zimetoka wodini. Jirani mmoja akasema mgongo wa namna hii dawa yake ni kukanyagwa na mama aliyezaa mapacha, akamleta. Mama wa mapacha alikuwa mnene na mwenye imani. Alinikanyaga mara saba huku akiniombea. Siku mbili sikuweza kugeuka kitandani. Aliporudi kuulizia matokeo nilijifanya sipo.

Mwishowe daktari mmoja, baada ya kunigonga magoti na kunipiga picha isiyoonyesha kitu, aliniandikia niende chumba cha mwisho kabisa, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilimkuta mwanaume mwembamba, mpole, mtu wa kuja, godoro jembamba limetandikwa sakafuni mbele yake.

"Vua viatu, mama, ulale chali."

"Sindano iko wapi?"

"Hakuna sindano."

"Vidonge?"

"Hakuna."

"Sasa mimi nimefuata nini hapa?"

"Kulala chali," akasema.

Nikalala. Akaniambia nikunje magoti, nyayo ziwe chini, halafu nivute kitovu ndani taratibu kama ninayefunga kanga ikabana, nisizuie pumzi, nihesabu mpaka kumi. Nikafanya. Akasema bado. Nikafanya tena. Akasema natumia mabega. Mimi na mabega yangu tukaanza upya. Akanieleza kwamba mgongo wangu haujavunjika popote, ila umeachwa peke yake. Misuli ya tumbo na ya kiunoni inayotakiwa kuushika imelala, kwa hiyo mgongo unafanya kazi ya watu wanne. Nikamwambia hata nyumbani kwangu ni hivyo hivyo. Hakucheka. Aliandika kwenye faili.

Akaniongezea mengine. Kuna la kuinua kiuno ukiwa umelala chali, unatulia juu, halafu unashuka polepole bila kujitupa. Kuna la kukaa kwa mikono na magoti, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, unatulia, unabadilisha. Na kuna la kulala ubavu ukajiinua kwa kiwiko mpaka mwili wote unyooke, ambalo nilimwambia wazi kwamba kwa mwanamke wa umri wangu ni matusi. Akasema basi hilo tutaliacha mwisho. Kila siku, akasema, kidogo kidogo, na nisitegemee kitu wiki ya kwanza wala ya pili. Kuuma kidogo kusinitishe, ila mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu nirudi mbio. Na kazi ya kunyanyua vitu vizito ipungue.

"Nina mama mkwe," nikamwambia. "Amepooza. Nisipomnyanyua mimi anapelekwa Madaba."

Akaweka kalamu chini. Nadhani Madaba alikuwa anaijua. "Basi tujifunze kunyanyua," akasema, akakaa kwenye kiti na kulegeza upande mmoja kama mgonjwa. Chuchumaa, usiiname. Msogeze karibu, kifua kwa kifua. Kaza tumbo kwanza, ndipo uinuke kwa miguu. Nilimnyanyua mwanaume wa watu mara sita, mchana kweupe, mlango wazi, na foleni nzima ya wagonjwa ikiangalia. Nilitoka pale bila hata kidonge kimoja mkononi, nikahisi nimetapeliwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kumtoa mama mkwe, nilisogeza meza, nikatandika mkeka sebuleni, nikalala. Mlango wa chumba chake unatazamana na sebule na haujawahi kufunga vizuri.

"Mkamwana, umeanguka?"

"Hapana, mama. Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya mgongo. Unanisumbua kidogo tu."

"Mbona umelala?"

"Ndiyo mazoezi yenyewe, kulala."

Akafikiri. "Basi na mimi ni mwanamichezo," akasema.

Siku ya tatu alianza kunihesabia. Sikumwomba. Hesabu yake haikuwa ya shule. Akiona nimelegea alirudi nyuma. "Sita, saba, hapo tumbo limetoka, tano." La mikono na magoti aliliita la mbuzi. "Mbuzi wa leo anatetemeka," alisema, au, "Mbuzi wa jana alikuwa na nidhamu." Jumapili moja nilitaka kuacha kwa sababu ya misa. Akaniambia Mungu hajamtuma mtu kuja kusema migongo ipumzike Jumapili. Nilichukia kweli kweli. Mtu mwenyewe amelala kitandani, amefunikwa blanketi, anangoja uji wake wa ulezi, ananiambia mimi nimelegea. Lakini nilipojaribu kufanya bila yeye, akiwa amepitiwa na usingizi, niliishia nne nikaona inatosha.

Wiki ya kwanza hakikubadilika kitu, wala ya pili, kama nilivyoambiwa. Wiki ya tatu niligundua nimesuuza masufuria yote bila kusimama katikati. Mwezi wa pili, asubuhi moja, nilipiga magoti kumwamkia nikainuka bila kushika mguu wa kitanda. Mama mkwe akanitazama. "Salamu za leo fupi," akasema. "Umenuna?"

Kumnyanyua bado kuliuma, ila maumivu yalikuwa yanakuja kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Na hapo katikati, kati ya mbuzi na hesabu za kurudi nyuma, nilianza kumpenda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wakati ule ningekataa. Hakuwa amebadilika hata chembe, mboga zangu bado zilikuwa na chumvi. Ila katika nyumba ile, miaka yote, hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu yoyote tangu moja mpaka kumi.

Mwezi wa tatu niliporudi kwake, yule mtaalamu akasema sasa tuingie lile la ubavu. Hilo linataka nafasi, na sebule yangu haikuwa na nafasi. Nilikuwa na makochi makubwa matatu, niliyoyanunua enzi za mshahara, yenye vitambaa nilivyodarizi mwenyewe. Ukinyoosha miguu unapiga kochi, ukiigeuzia huku unapiga kabati la vyombo. Nikaona dawa ni kuyatoa makochi nje kwa nusu saa. Kuyanyanyua nimekatazwa. Wakawa wanapita wapagazi wawili na mkokoteni, watu wazima, nikawaomba wanisaidie. Mkeka nilikuwa nimeshautandika. Nilikuwa nimevaa kanga ya zamani na kichwa nimekifunga kitambaa. Waliyatoa makochi taratibu sana, bila kuongea, wakayapanga chini ya ukingo wa bati. Nilipotaka kuwalipa walikataa. "Pole sana, mama," mmoja akasema, akavua kofia. Nikamjibu asante, nimeshapoa. Nilidhani ananipa pole ya mgongo.

Mtu yeyote wa kwetu ameshajua nilichofanya. Kwetu makochi hayatoki sebuleni kwa sababu ya usafi wala ya sherehe. Yanatoka mtu akifa, ili waombolezaji wapate pa kukaa chini. Ukipita asubuhi ukaona makochi ya jirani yako nje na mkeka ndani, huulizi. Unajifunga kanga ya pili, unachukua kuni, unakwenda. Na hakuna mtu Mjimwema ambaye hakujua kwamba nyumba ile ina mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeyajua hayo tangu utotoni, nimeyatoa makochi ya watu kwa mikono yangu mwenyewe, na siku ile hayakunijia kabisa. Mawazo yote yalikuwa kwenye kiwiko.

Nilikuwa nimejiinua ubavu, jasho linanitoka, na mama mkwe chumbani amefika nne, kilio kilipoanza uani. Wa kwanza kuingia alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake wengi, na kuni, na unga, na ndoo. Kuona watu, nguvu zikaniishia, nikaanguka kwenye mkeka. Mwenyekiti akaona uchungu umeniangusha. Akajitupa chini kando yangu, akanikumbatia. "Lia, mdogo wangu, lia, usijizuie."

Mimi pumzi haijarudi. "Nani amekufa?" nikauliza.

"Usijitese," akasema, akazidi kunibana.

"Nani amekufa?" mama mkwe naye akauliza kutoka chumbani.

Kilio kilikatika pale pale. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mlango alitoka mbio na kuni zake, na sikumwona tena mpaka Pasaka. Wengine walibaki wamesimama, wengine mikono bado iko kichwani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima zake. Akainuka, akajipangusa, akaingia chumbani, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kunizika?"

"Hapana, mama! Tumekuja kukusalimia."

"Na kuni?"

"Za kukusalimia."

"Karibuni," akasema. "Kuni wekeni jikoni."

Alitaka atolewe nje, akae barazani, mara moja. Akawapokea mmoja mmoja, akauliza kila mtu ameleta nini na kiasi gani, na aliyeleta kidogo alikumbushwa msiba gani wa kwao sisi tulipeleka debe zima. Mume wangu, ambaye wiki hiyo alikuwa mjini gari likitengenezwa, alifika na baiskeli, uso umemkauka. Alimtazama mama yake. Akanitazama mimi, akayatazama makochi. Halafu akaanza kuyarudisha ndani. Jamani, tulicheka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na wakapika ule unga, wakala.

Saa nane mchana ndipo mwenyekiti aliposhika mdomo. "Yesu na Maria!" akasema. "Mimi nimeshatuma habari Madaba."

Alikuwa amempa ujumbe utingo wa basi la Njombe, linalopita Madaba, asubuhi ile ile, kabla hata ya kuingia kwetu. Hakuna aliyecheka tena. Simu ya kumpata mtu Madaba haikuwepo, na basi jingine la kwenda huko lilikuwa la kesho.

Wifi hakungoja basi. Alifika kesho yake kabla ya saa sita na pikapu ya kukodi iliyojaa watu, maharage na kuku. Tulisikia kilio tangu kona ya barabara.

"Sauti hiyo naijua," mama mkwe akasema kutoka kitini. "Huyo mwanangu. Anamlilia nani?"

"Wewe, mama."

"Ana mapafu," akasema.

Wifi akashuka, akamwona mama yake barazani ameshika kikombe cha uji, akakaa chini pale pale barabarani. Ilichukua muda kumwinua. Alipopata nguvu alitugombeza sote kwa zamu, mimi, mume wangu, jumuiya, na utingo ambaye hakuwepo. Kisha akauliza swali lililokuwa linangojwa. Makochi yalitoka nje kwa ajili gani? Na hapo ikabidi niseme yote, mgongo, belo, mkeka, ubavu.

Alinisikiliza macho yamevimba. "Kumbe unaumwa, wifi. Na kila nikiuliza unasema mzima."

"Nimeshapona."

"Mtu aliyepona hatoi makochi nje." Akamgeukia kaka yake. "Mimi nilisema toka mwanzo, siku ya kushindwa namchukua. Na gari hilo pale, linarudi tupu."

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amemlilia mama yake usiku kucha, sasa amemkuta, na hakutaka kumwachia tena. Lakini mimi niliona Madaba, niliona ule mlango uliofungwa mbuzi wasiingie. "Sijashindwa," nikasema.

"Mama mwenyewe aseme," mume wangu akasema. Ndiyo maneno yake pekee siku ile.

Sikungoja mama aseme. Nilikwenda kwenye kiti chake mbele yao wote, nikachuchumaa, nikamvutia kifuani, mkono wake mzima ukanishika shingo. Nikakaza tumbo. Nikainuka kwa miguu. Nikageuka naye taratibu, nikatembea hadi sebuleni, nikamweka kwenye kochi kama inavyotakiwa, bila kumtupa. Hakikuuma kitu. Nilingojea maumivu yale ya kuchelewa, nayo hayakuja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Nikasimama, nikamtazama wifi usoni, na nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Nitakwenda," mama mkwe akasema.

Nilidhani anamaanisha chooni. Nikamwinamia.

"Madaba," akasema. "Nitakwenda na mwanangu."

"Mama, si ulisema kule..."

"Nilisema. Sikiliza." Akagusa shavu lake kwa ule mkono mzima. "Kila ukininyanyua uso wako unakuwa hapa. Unadhani sisikii ukikata pumzi? Mwaka mzima nimekusikia unaumia, na nilinyamaza, kwa sababu nilitaka baraza. Nilijua, nikanyamaza. Leo pumzi haikukatika. Niache niondoke ingali hivyo, kabla sijaiharibu tena."

"Mama, mimi nimefanya haya yote kwa ajili yako," nikamwambia. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kusahau adabu. "Miezi mitatu nimelala chini kila asubuhi!"

"Najua," akasema. "Mimi si ndiye niliyekuwa nahesabu? Una watoto wa kusomesha, una belo zako. Mgongo huo una kazi nyingi, mkamwana, usiumalizie kwangu."

Nilimwangalia mume wangu, akaangalia sakafu. Nilimwangalia wifi, naye alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Ilikuwa imekwisha. Nikaingia chumbani kumfungia nguo zake, na huko ndiko nilikolia, kwa sauti, safari hii mtaa ukiwa na haki ya kuja na kuni.

Nilipotoka nilimshika wifi mkono nikampeleka uani. Nikamwambia kitanda kisielekee ukuta, kiwekwe mlangoni, na mlango uwe wazi, mbuzi wafungwe wao. Akakubali. Nikamfundisha kunyanyua, pale uani, na nguo zake za msiba. Chuchumaa, usiiname. Kifua kwa kifua. Kaza tumbo kwanza. Alininyanyua mara nne. Ya nne ilikuwa nzuri, nikamwambia.

Alitaka kumpeleka mama garini yeye. Nikamwambia hapana, hii ni yangu.

Nilimbeba kutoka kwenye kochi, nikavuka sebule, nikavuka baraza, nikashuka ile ngazi moja ya nje, mpaka kwenye pikapu. Mgongo ulikuwa umetulia, haukusema kitu. Nikamweka kiti cha mbele, nikamnyoosha mguu uliopooza, nikamfunika blanketi. Nilipotaka kusimama, mkono wake ulikuwa bado umenishika shingoni. Hakusema neno, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Dereva akawasha gari, akatutazama, akalizima. Sikuutoa ule mkono. Nikabaki nimeinama pale mlangoni, magoti nimeyanyoosha, mgongo umepinda, tumbo nimeliachia, kinyume na yote niliyofundishwa, mpaka mwenyewe aliponiachia.